Wanyama Wanaoipanga Sakafu ya Mto: Safari ya Tope kutoka Simiyu na Mara hadi Ziwa Victoria

Mvua kubwa zinaponyesha upande wa Bariadi na Maswa, kaskazini mwa Tanzania, haipiti siku nyingi kabla maji ya Ghuba ya Speke hayajabadilika rangi karibu na mdomo wa Mto Simiyu. Mkanda mrefu wa maji ya kahawia huingia ziwani, hutanuka, kisha hufifia polepole kadiri punje zinavyozama. Watu wanaolijali ziwa hili wana maelezo ya hali hiyo: miti imekatwa, mashamba yamelimwa hadi kingoni, mifugo imekanyaga ardhi ikawa tupu, na mchanga wa ujenzi umechotwa mitoni. Maelezo hayo ni ya kweli, nami sikusudii kuyapunguzia uzito. Lakini yanatueleza tope linatoka wapi, bila kutueleza kwa nini mto uleule, ukiwa na kina kilekile, hubeba tope jingi wiki moja na tope kidogo mwezi unaofuata. Sehemu ya jibu la swali hilo la pili iko kwa viumbe wanaoishi chini ya mto, ambao hufuma, huchimba, hukanyaga na kufukia, na kwa kufanya hivyo hubadilisha kiasi cha nguvu ambacho maji yanahitaji ili kuing'oa sakafu.

Ni lazima kuanza na nguvu zenyewe. Maji ya mto hayaendi kwa kasi moja kutoka juu hadi chini. Yale yanayogusana na sakafu karibu husimama kabisa, na kasi huongezeka kadiri unavyopanda. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayofanya mkondo uikwangue sakafu, na ukubwa wa mkwanguo, katika mto ulionyooka, hutegemea kina cha maji na mteremko wa mto. Mto wenye kina cha mita 1 na mteremko wa mita 1 kwa kila kilomita huikwangua kila mita ya mraba ya sakafu yake kwa nguvu ya takriban nyutoni 10, na nguvu hiyo inatosha kuanza kuviringisha kokoto zenye upana wa sentimita 1 hivi. Mhandisi wa Kimarekani Albert Shields, aliyefanya utafiti wake Berlin, alionyesha mwaka 1936 kwamba kila ukubwa wa punje una kizingiti chake: nguvu ya maji ikiwa chini ya kizingiti hicho punje hutulia, na ikikivuka punje huanza kusafiri. Majaribio yake yalitumia punje zilizolala huru, zisizoshikwa na chochote isipokuwa uzito wake na wa jirani zake. Kanuni iliyotokana nayo ingali msingi wa hesabu nyingi za mito hadi leo, lakini mto wenye uhai hauna sakafu ya namna hiyo.

Punje zikishanyanyuka, suala hugeuka kuwa ni lini zitatua. Punje ya mchanga laini yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita 1 katika maji tulivu kwa dakika 2 hivi. Punje ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 huhitaji takriban siku 3 kuzama umbali huohuo. Kwa hiyo kizuizi chochote kinachoyapunguza kasi maji kwa dakika chache kinaweza kuunasa mchanga, lakini mfinyanzi utapita na kuendelea hadi ghubani, isipokuwa kitokee kitu kinachozigandisha punje zake pamoja. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu wanyama wa mtoni hawagusi mashapo yote, yaani kokoto, mchanga na tope vinavyobebwa na maji, kwa namna moja, na mnyama anayeshikilia kokoto huenda asiwe na athari yoyote kwa tope.

Wafumaji ndio wanaonivutia zaidi. Katika vijito vya mawe vya mabonde haya, kama ilivyo sehemu nyingi za dunia, wanaishi lava (wadudu wachanga ambao bado hawajaota mabawa) wa familia ya Hydropsychidae, ambao wakikomaa hufanana na nondo wadogo wa rangi ya kijivu au kahawia. Lava huyu hutoa hariri mdomoni mwake, akafunga punje za mchanga na vipande vya majani kuwa kibanda, kisha akatega wavu mdogo mbele ya kibanda hicho ili mkondo umletee chakula. Ili wavu ukae, ni lazima uzi wake ushikane na jiwe la upande huu na jiwe la upande wa pili. Uzi mmoja ni dhaifu. Lakini katika mita moja ya mraba ya sakafu nzuri wanaweza kuishi lava maelfu, na nyuzi zao, zikipita kati ya kokoto na kokoto, hufanya kazi ya kamba zinazofunga fito za nyumba ya udongo kabla haijakandikwa: kila fito inaweza kung'olewa peke yake kwa mkono, lakini zikishafungwa, ukivuta moja unavuta na jirani zake.

Watafiti wa Marekani na Uingereza wamelipima jambo hili katika mifereji ya maabara, kwa kulinganisha changarawe isiyo na wadudu na changarawe ileile baada ya lava kupewa muda wa kufuma, kisha kuongeza mkondo taratibu hadi kokoto zianze kusogea. Changarawe iliyofumwa ilihitaji mkondo wenye nguvu zaidi kabla haijasogea, na matokeo hayo yamejirudia katika majaribio tofauti. Uzito wa kokoto haukuongezeka wala kina cha maji hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kizingiti cha Shields kilipandishwa na kiumbe asiyefika urefu wa sentimita 3. Vilevile nyavu hupunguza kasi ya maji katika nafasi zilizo kati ya mawe, hivyo chembe laini hutua humo badala ya kupita, na hariri huendelea kuyashika mawe kwa muda hata baada ya mwenyewe kuruka na kwenda zake.

Uwezo huo una mipaka yake, na hapa pana jambo linalohusu mito yetu moja kwa moja. Mfumaji anahitaji jiwe lililotulia, maji yanayokwenda, na oksijeni ya kutosha. Katika sehemu za chini za Simiyu, ambako sakafu ni mchanga mtupu unaohama kila mafuriko, hana pa kufunga uzi. Makazi yake yako juu, kwenye vijito vya mawe. Vijito hivyo vikijazwa udongo kutoka mashambani, nafasi kati ya mawe huziba, nyavu hufunikwa, na wafumaji hupungua. Kokoto zikibaki bila nyuzi huanza kusogea mapema zaidi katika mafuriko yanayofuata, na kokoto zinazosogea husaga na kuwaondoa hata wafumaji waliosalia. Ndiyo maana uharibifu wa kijito cha namna hiyo huweza kwenda kwa kasi kuliko hesabu ya udongo peke yake ingetabiri.

Jirani yao ni lava wa usubi, mdudu anayejulikana zaidi kwa kuuma na kueneza ugonjwa wa usubi unaopofusha. Lava huyu hajengi wavu wa kushika mawe, bali huchuja maji kwa vishungi vya kichwani mwake vilivyotanuka kama upepeo na kumeza chembe ndogo mno, zikiwemo zile za mfinyanzi. Anachotoa ni vidonge vya kinyesi vikubwa mara nyingi kuliko chembe alizomeza, na vidonge hivyo huzama upesi. Mfinyanzi ambao ungesafiri siku nyingi hupata hivyo nafasi ya kutua mtoni.

Wachimbaji hufanya kinyume, au ndivyo inavyoonekana mwanzoni. Sato dume, akitaka kuvutia majike, huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga au tope la maji mafupi, na upana wake unaweza kufika mita moja. Yeyote aliyetazama maji matulivu ya ufukweni wakati wa kuzaliana amewahi kuona mashimo hayo yakiwa yamepangana. Jike hutaga hapo kwa muda mfupi tu, kisha huyabeba mayai mdomoni na kuondoka, kwa hiyo shimo ni la uchumba na wala si la kulelea. Kwa upande wa maji, hata hivyo, sababu ya kuchimba haijalishi. Maji yanayopita juu ya shimo huachana na sakafu kwenye ukingo wa kwanza, huzunguka ndani ya shimo, na kuangusha humo chembe nyepesi. Mchanga uliotupwa nje huunda kingo zilizoinuka, na kingo hizo huongeza ukwaru wa sakafu. Udongo uliochimbuliwa umepoteza ugumu uliotokana na kukaa muda mrefu, pamoja na utando wa mwani na bakteria uliokuwa umeushika, kwa hiyo mawimbi ya upepo wa mchana huuondoa kwa urahisi zaidi.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi kuhusu uchimbaji ni wa samaki aitwaye salmoni wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Salmoni jike huchimba kwa mkia katika changarawe, hutaga, kisha hufukia mayai kwa kokoto za shimo linalofuata. Katika baadhi ya mito ya British Columbia nchini Kanada, uchimbaji huo umeonekana kuhamisha karibu nusu ya changarawe yote inayohama kwa mwaka, nusu nyingine ikihamishwa na mafuriko. Ungetarajia basi sakafu hiyo iwe dhaifu, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo, kwa kuwa imelegezwa. Lakini wakati wa kuchimba, mchanga na tope huchukuliwa na mkondo huku kokoto kubwa zikibaki, na sakafu ya kokoto kubwa inahitaji nguvu zaidi ili isogee. Kulegeza na kuchambua hutokea kwa pigo lilelile la mkia, nayo husukuma kizingiti pande mbili tofauti. Ni upande upi utakaoshinda hutegemea ukubwa wa kokoto, idadi ya samaki, na muda uliopita kati ya uchimbaji na mafuriko. Kifusi cha shimo lake pia huyalazimisha maji kuingia ndani ya changarawe, kwa sababu mkondo unapogonga uso wa kifusi shinikizo hupanda, na nyuma yake hushuka. Maji hayo yanayopita chini kwa chini ndiyo yanayoyapelekea mayai oksijeni.

Kingo za mto zina wachimbaji wao. Kaa wa maji baridi wa jenasi ya Potamonautes, wanaopatikana katika mito inayoingia Ziwa Victoria, hutoboa mashimo kwenye kingo za udongo. Kamongo hujichimbia katika matope ya vinamasi, na dume lake hulinda kiota katikati ya mafunjo. Kwa idadi yao ya kawaida, na mizizi ikiwa ingalipo, mashimo hayo hayaangushi ukingo. Hatari huja pale mchimbaji mgeni anapoletwa. Kamba wekundu wa maji baridi kutoka Amerika Kaskazini walipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1970, na spishi nyingine ya kamba wa bara hilohilo imeenea katika mito ya Uingereza, ambako mashimo yake huchangia kuporomoka kwa kingo na mwendo wake wa usiku huchafua maji. Napenda jambo hili lichukuliwe kwa uzito kila linapotokea pendekezo la kufuga kamba wageni katika bonde letu.

Kutoka kwa viumbe wa sentimita chache, tunafika kwa mnyama wa tani moja na nusu au zaidi. Kiboko haogelei kama wengi wanavyodhani. Hutembea na kujisukuma juu ya sakafu. Njia anazopita kila usiku kwenda malishoni huikata kingo na kuwa mifereji, na mvua ikinyesha mifereji hiyo huelekeza maji na udongo moja kwa moja mtoni. Katika delta ya Okavango nchini Botswana, njia za viboko kati ya mimea ya majini zimeonekana kuwa mikondo ambayo maji huifuata, hata kusaidia mto kuhama kutoka mkondo wa zamani kwenda mpya. Kinamasi si sakafu tu, ni ukinzani: mashina yaliyosongamana huyapunguza maji kasi hadi tope litue. Kila njia inayofunguliwa humo ni mahali ambapo maji hupita bila kuchujwa, na papo hapo ni mahali ambapo maji hufika sehemu za ndani ambazo yasingefika. Sijui namna ya kuliita jambo hilo zuri au baya bila kwanza kuuliza kinamasi hicho kinatarajiwa kifanye kazi gani.

Mto Mara ndio unaotufunza zaidi, kwa kuwa umepimwa. Huanza katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, huvuka kinamasi kipana cha mafunjo, na kuingia ziwani karibu na Musoma. Viboko zaidi ya 4,000 wa mto huo huingiza majini takriban kilogramu 8,500 za majani yaliyosagwa kila siku. Wakati wa kiangazi mkondo ukiwa dhaifu, kinyesi hicho hutua katika madimbwi waliyoyatanua kwa kulala na kukanyaga, kikawa tabaka ambalo bakteria hulioza hadi oksijeni ya chini iishe. Mvua ya ghafla ikija, madimbwi husombwa yote kwa pamoja. Katika miaka 3 ya vipimo, watafiti waliandika matukio 49 ya mafuriko yaliyoshusha oksijeni katika sehemu za chini za mto, 13 kati yake yakiishusha hadi kiwango cha hatari kwa viumbe, na katika miaka 5 walishuhudia samaki wakifa kwa wingi mara 9. Mara nyingi watu wakiona samaki wanaelea hufikiri kwanza sumu. Hapa chanzo ni umbo la sakafu, yaani dimbwi lililotanuliwa na mnyama, pamoja na muda ambao mashapo yalikaa ndani yake yakisubiri maji.

Mashapo yakishapita mdomo wa mto, bado hayajafika mwisho. Chini ya ghuba, katika tope laini, lava wa wadudu wale wanaopaa juu ya ziwa kwa makundi yanayoonekana kwa mbali hujenga vijibomba vya hariri na tope. Lava hao huyumbisha miili yao kusukuma maji yenye oksijeni ndani ya vijibomba, hivyo oksijeni hufika ndani ya tope kuliko ambavyo ingefika yenyewe. Palipo na oksijeni, madini ya chuma huishika fosforasi ndani ya tope. Oksijeni ikiisha, fosforasi huachiwa na kulisha mwani. Katika Ghuba ya Mwanza, furu wengi, samaki wadogo wa ziwa hili, waliokuwa wakila kwenye tope na mabaki walitoweka baada ya sangara kuongezeka mno katika miaka ya 1980, na uduvi wa ziwani wakachukua sehemu kubwa ya kazi ya kula mabaki hayo. Samaki anayechokoa tope kwa mdomo na uduvi anayeokota juu yake hawalitibui kwa kiasi kimoja. Mabadiliko ya samaki huzungumzwa sana kwa hesabu ya kitoweo na mauzo. Yanastahili pia kuzungumzwa kwa hesabu ya tope.

Huenda msomaji anajiuliza kuhusu biva, mnyama wa Amerika Kaskazini na Ulaya anayeangusha miti na kujenga mabwawa mtoni, kwa kuwa ndiye anayetajwa kwanza kila mahali mada hii inapoguswa. Mabwawa yake hupunguza kasi ya maji na kunasa mashapo kwa miaka mingi. Lakini mito yetu haina mnyama wa namna hiyo. Kumfanya yeye kuwa kipimo kumewafanya wengi waamini kwamba mito isiyo na mabwawa ya wanyama haina ujenzi wa wanyama.

Katika hesabu za wahandisi, ukwaru wote huingizwa kwa namba moja, kwa kufuata kanuni aliyoitoa Mwairishi Robert Manning mwaka 1889. Namba hiyo huchaguliwa kwa kuutazama mto: takriban 0.03 kwa mfereji wa asili ulio safi, 0.1 au zaidi kwa bonde lenye vichaka vizito. Inafanya kazi vizuri kwa kukadiria kina cha mafuriko. Kwa mashapo ni finyu, kwa sababu haitofautishi kokoto iliyofumwa na kokoto iliyo huru, wala tope lililochimbuliwa jana na tope lililotulia tangu masika yaliyopita. Mto unaponyooshwa na kujengewa kuta za zege, au mawe yake yanapobebwa kwenda kujenga misingi ya nyumba, namba ya ukwaru inaweza kurekebishwa kwenye karatasi, lakini mahali pa kufunga uzi hapapo tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa. Ulinzi huo ni wa ardhi ya kando, nao ni muhimu sana. Sakafu yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa makini yaleyale, hasa katika vijito vidogo vya juu ambavyo havina daraja wala jina kubwa, kwa kuwa humo ndimo wafumaji walimo.

Jambo la vitendo zaidi linahusu wakati wa kuchota sampuli. Kipindi kirefu cha maji tulivu huwapa viumbe nafasi ya kufuma, kuchimba na kurundika, na mafuriko ya kwanza hukuta kazi hiyo yote ikiwa mahali pake: huchukua vilivyolegezwa, hukata nyuzi, huyasomba madimbwi. Mafuriko ya tatu au ya nne, hata yakiwa na kina kilekile, hukuta sakafu nyingine kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha tope la Simiyu cha mwezi wa Novemba na kingine cha mwezi wa Aprili havilinganishiki kwa kuangalia kina cha maji peke yake, na anayetaka kujua kama hali ya mto inaharibika mwaka hadi mwaka anapaswa kulinganisha mafuriko ya kwanza na mafuriko ya kwanza, akiwa ameandika pia mto ulikaa siku ngapi bila kufurika, na akiwa amegeuza mawe machache ya sakafu kabla ya mvua kuona kama yana nyuzi.